Moyo Mkubwa wa Bi Mwanakheri

Kwii! Kitanda cha chumba cha pili kililia kabla ya adhana ya alfajiri. Kikafuata kikohozi, kisha kimya cha mtu aliyekaa kitako akitafuta pumzi. Hajira alifumbua macho gizani. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa moyo katika hospitali moja ya Kibaha, na masikio yake hayakujua likizo. Wapangaji wapya wa chumba kile alikuwa hajawaona kwa sura, lakini kitanda chao alikwisha kukizoea. Aliye upande ule, alijiambia, akijinyoosha anakosa pumzi.

Mchana alishuka sokoni Maili Moja kununua mto. Honi zilikuwa zikilia, mahindi ya kuchoma yananukia, na wauzaji wamepanga bidhaa hadi miguuni mwa wapita njia. Hajira alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa, na mtandio mweupe. Alipoushika mto alioupenda, mkono mwingine ukaushika upande wa pili.

"Dada yangu, huu nimeuona tangu niko ng'ambo ya barabara."

"Kuona siyo kununua, kaka."

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, fulana yake ina vumbi la alumini, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza madirisha. "Niachie, tafadhali. Nyumbani ipo miwili tu."

"Miwili, na unataka wa tatu? Unafuga vichwa?"

"Wa mama. Siku hizi bila mito mitatu halali. Akilala chini kidogo tu, anaamka anahema."

Mkono wa Hajira ukalegea. "Mnakaa wapi?"

"Pangani ya hapa hapa Kibaha, nyumba ya Mzee Latifu."

"Na kitanda chenu kinalia kwii."

Kijana akatoa macho. "Wewe mchawi?"

"Mimi jirani yako wa ukuta. Chukua mto. Jioni nakuja kumwona mama."

Ndivyo Hajira na Khalfani walivyojuana.

Jioni alimkuta Bi Mwanakheri ameketi, amejaa khanga na tabasamu, ingawa maneno yake yalikatika katikati kwa kukosa pumzi. Alikuwa mjane wa Chole, Kisarawe, aliyeletwa na mwanawe apumzike. Hajira alipiga goti, akabonyeza mguu wa mama uliovimba kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Asubuhi yake alimpeleka hospitali mwenyewe pamoja na Khalfani, akamshika mama mkono kwenye kila ngazi.

Baada ya vipimo daktari alisema, "Mama, moyo wako umekuwa mkubwa."

Bi Mwanakheri akainamisha kichwa kwa haya. "Nashukuru, daktari. Hata marehemu mume wangu alikuwa akiniambia hivyo."

Hajira alifungua mdomo amweleze, lakini Khalfani akamvuta nje.

"Muache na furaha yake. Mgonjwa wa moyo hashtuliwi."

"Hashtuliwi, lakini haelezwi pia?"

"Nakuomba, Hajira."

Alivyolitamka jina lile! Hajira akakubali. Daktari naye alikuwa na foleni ndefu. Bi Mwanakheri akapewa vidonge, na hali ilipotulia kidogo akarudi Chole na mito yake mitatu, kifua mbele.

Mapenzi yakaanza kupitia ukutani. Jioni Khalfani alipiga simu ilhali wangeweza kusikiana bila simu.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Sauti yako naisikia mara mbili, nikate ipi?"

"Kata ya ukuta. Ya simu ina pesa yangu."

Ikafika siku ya Hajira kupelekwa Chole kutambulishwa. Alivaa dera la zambarau, akajifukiza udi. Bi Mwanakheri alimpokea kwa vigelegele, na majirani wakaja. Sinia likatengwa: wali, na papa wa chumvi wa nazi. Hajira aliitazama ile chumvi, akaitazama miguu ya mwenyeji wake iliyojaa tena, akameza mate.

Ndipo Bi Tunu, jirani wa karibu, akasema, "Mwanakheri, sijapata changu leo."

Bi Mwanakheri akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti ya vidonge, akamtolea kimoja. "Miguu yake nayo inavimba," alimweleza Hajira kwa fahari. "Daktari kanipima mwenyewe, kasema nina moyo mkubwa. Nitamnyimaje jirani?"

"Mama, usimpe!" Hajira alijikuta amesimama. "Moyo mkubwa ni ugonjwa. Siyo sifa. Hivyo vidonge ni vyako peke yako!"

Upawa ukabaki hewani. Bi Tunu akakirudisha kidonge taratibu, kama kilichomchoma. Bi Mwanakheri aliinuka, akaingia ndani.

"Umemvua nguo mama yangu mbele ya watu," Khalfani alisema.

"Nimemwambia alichostahili kuambiwa tangu hospitali. Atakufa huku tunamsifia, Khalfani."

"Nenda, Hajira."

Akaenda. Kule Pangani ukuta ukawa ukuta kweli. Alimsikia Khalfani akikohoa, akiburuta kiti, akisimama karibu kabisa na upande wake, kisha akiondoka. Simu haikulia.

Ilipolia, Jumapili asubuhi, alikuwa mtu mwingine.

"Hajira, ni mimi, mama yake Khalfani."

"Shikamoo, mama. Nisamehe, mama."

"Marahaba. Aliyeambiwa ukweli ni mimi, mbona mnanuna ninyi? Nieleze huo moyo mkubwa. Huyu mwanangu ananificha kama mtoto mchanga."

Hajira alikaa kitandani, akafikiri. "Mama, gagulo lako la zamani, mpira wake ukilegea, linakuwaje?"

"Linapanuka. Linanishuka njiani."

"Basi moyo wako ndivyo. Umepanuka, lakini haushiki. Hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kifuani, na ukilala unakosa pumzi."

Kikaja kicheko kirefu, kikakatwa na kikohozi. "Yaani najivunia gagulo!"

"La thamani, mama."

"Nitakufa?"

"Hauponi kabisa, lakini ukiutunza unaishi nao. Vidonge vyako umeze mwenyewe kila siku, hata ukijisikia mzima. Papa wa chumvi muage. Jipime uzito asubuhi kwenye zahanati yenu iliyo jirani, na ukiona unapanda ghafla, au pumzi inabana, usingoje, nenda ukatibiwe."

"Na Tunu?"

"Apimwe. Miguu huvimba kwa sababu nyingi."

"Nitampeleka mwenyewe." Sauti ikajaa tena ile fahari ya zamani. "Na huyo wa ukutani nitamsema."

Wiki zikapita. Jioni moja ukuta ukagongwa taratibu.

"Nani?" Hajira aliuliza, ingawa alijua.

"Jirani. Nimetoka Chole. Nifungulie, nina mzigo."

Khalfani alisimama mlangoni ametengeneza nywele, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, mto kwapani.

"Mama kaurudisha. Siku hizi analala kwa miwili." Machozi yalimlengalenga. "Nilidhani namlinda, Hajira. Kumbe wewe ndiye ulikuwa unamlinda, na mimi nikakufukuza. Nisamehe."

"Umechelewa, kaka wa madirisha."

"Najua. Ila mto huu umekosa kichwa. Kitandani kwangu kuna kimoja tu."

Hajira aliuchukua mto, akaukumbatia, akaficha uso humo. "Kwanza posa. Mito baadaye."

Baada ya posa kupokelewa kwao Hajira, walirudi Chole na wazee wa Khalfani. Bi Mwanakheri hakungoja salamu ziishe. Alinyoosha mguu mbele ya mkutano wote.

"Bonyeza!"

Hajira akabonyeza. Ngozi ikarudi papo hapo, na kifundo kilichokuwa kimezama kilionekana, chembamba, kimetulia.

"Mmeona?" Bi Mwanakheri aliwageukia majirani, Bi Tunu akiwa mbele na pakiti ya dawa zake mwenyewe. "Huyu ndiye aliyenisema mbele yenu. Mkwe mwenye mdomo kama huu, nimuache aende kwa nani?"

Vigelegele vikapanda. Wali wa siku hiyo ulikuwa na limau na tangawizi badala ya chumvi, na mwenyeji aliusifia kuliko wageni.

Wakati wa kuaga alimshika Hajira mkono, akamsindikiza hadi barabarani bila kusimama kupumua hata mara moja.

"Uje tena, mwanangu. Khalfani akiwa na kazi, mwache na madirisha yake. Uje wewe."