Kufuli Ndani ya Tangi la Pijo

Sogea, kaa hapa karibu na mkaa, na hiyo simu yako izime kwanza. Hii siisemi kwa sauti. Inamhusu dada yangu, na kwetu Sefrou kaka hatakiwi kujua mambo niliyoyajua mimi leo jioni.

Gari letu ni Pijo 404, la zamani kuliko mimi. Baba yangu, Ba Allal, alilifanyia teksi mpaka mgongo ukamkataa. Geji yake ya mafuta haijawahi kusema ukweli. Jaza tangi mpaka limwagike, mshale umelala tu kwenye sifuri. Kila nikitaka kuifungua, baba anang'aka. Anasema niliache gari lake, yeye mafuta anayajua kwa masikio.

Masikio hayo ndiyo yaliyotuaibisha. Harusi ya kwanza ya dada Ghizlane, msafara unapanda mlima kwenda kwa bwana harusi, Pijo ikakohoa... ikazima. Tangi kavu. Bibi harusi kasimama kando ya barabara na gauni lake, vumbi linamrukia, wakwe wanapita wanachungulia. Shangazi mmoja wa upande wao akasema anayekwama njiani habebwi, anarudishwa. Maneno yakajibiwa kwa maneno, mikono ikafuata. Jioni Ghizlane akarudi nyumbani. Toka hapo, akipita sokoni vijana wanamwigia mlio wa injini inayozima. Na mimi natembea nimeinamisha kichwa.

Sasa kapata mwingine, kijana wa Imouzzer, mpole. Harusi ni kesho. Leo wanawake wamejaa ndani wanaimba, dada anapakwa hina, akanichungulia mlangoni.

"Bouchta, mdogo wangu," akaninong'oneza, "nikikwama tena njiani, mimi humu ndani sirudi. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Baba alikuwa ameenda kuswali magharibi. Nikachukua tochi na spana, nikaingia bandani.

Shule niliiacha mapema, ila umeme wa gari haunibabaishi. Nikawasha swichi, nikachomoa waya wa geji kule kwenye tangi, nikaubana kwenye bolti ya bodi, nikaenda mbele kutazama. Mshale umepanda mpaka juu. Safi. Geji nzima, waya mzima. Ugonjwa uko ndani ya tangi, kwenye boya, lile linaloelea na kupima mafuta. Nikautoa waya pale kwenye bodi, nikauacha unaning'inia, mshale ukalala tena.

Bolti za juu ya tangi zikafunguka kirahisi. Kirahisi mno... kama kuna mtu aliwahi kupita hapo.

Nilitegemea harufu ya petroli. Ikapanda harufu ya ubani.

Ko.

Ko.

Kitu kinagonga ukuta wa tangi, kwa ndani.

Nikasema bismillahi, nikavuta. Boya likatoka, na kwenye mkono wake, kwa waya wa shaba, limefungiwa kufuli. Dogo, limefungwa kabisa, limeviringishwa uzi mwekundu na nywele. Ndilo lililokuwa linalizamisha boya miaka yote. Limetoka kwenye petroli... na lilikuwa kavu. Lina joto, kama limetoka kiganjani mwa mtu.

Nikashikwa na aibu. Kwetu bibi humfunga mjukuu wake wa kike akiwa mdogo. Anafunga kufuli kwa jina lake, analificha, ili asiguswe na mwanaume. Siku ya harusi bibi yuleyule analifungua, kwa ufunguo uleule. Ni mambo ya wanawake. Mwanaume haulizi, haoni, hashiki. Na mimi nimelishika la dada yangu, ni kama nimemfungulia mlango wa bafu. Bibi yetu, Yamna, alishakufa kabla ya harusi ile ya kwanza. Ufunguo hakumwachia mtu.

Ningemwita mama. Lakini ningemtazamaje usoni? Nikaona njia ya mkato. Nikachukua koleo, nikaikata shingo ya kufuli.

Tak.

Nyimbo ndani ya nyumba zikakatika. Zote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa.

Halafu springi za kiti cha nyuma zikalia... polepole... kama mtu mzito anakaa.

Nikachungulia kwa kioo. Ghizlane yuko mle, shela usoni, mikono kaikunja kifuani.

"Dada?"

Hakugeuka. "Ushafungua?"

Sauti ya chini sana. Nikaficha kufuli nyuma ya mgongo, macho yangu chini, kama mwizi wa mayai.

"Nimekuuliza. Umefungua... au umevunja?"

Nikapita mbele ya gari kwenda mlango wake, nimfungulie, nimwombe msamaha. Hapo ndipo nikaiona geji. Waya bado unaning'inia kule nyuma, haugusi kitu. Mshale unapanda. Nusu. Ukajaa. Ukapitiliza, ukagonga ukingo wa kioo, ukabaki pale unatetemeka.

"Unaongea na nani?"

Baba. Mwanga wa tochi yake ulilifikia kufuli kabla ya uso wangu. Nikamwambia dada yuko garini. Akasema Ghizlane yuko ndani, amempita sasa hivi, mikono imefungwa vitambaa, hina haijakauka.

Tukamulika. Kiti kitupu.

Ila kilikuwa kimebonyea.

Baba akakaa kwenye kreti la soda. Aliposema, hakunitazama.

"Mama yangu hakuwa na nguvu za kushika spana."

Nikaelewa ni nani aliyefungua zile bolti. Akaniambia bibi mwenyewe ndiye aliyetaka lifichwe tangini, maana huko hakuna mwanamke mwenzake angefika. Nikamuuliza ufunguo uko wapi.

"Tulimzika nao. Ulikuwa kiganjani. Vidole vilikataa kufunguka."

"Na siku ile mlimani, baba? Ulijua kwa nini geji haisemi?"

Akavuta kofia ya joho lake la jelaba mpaka puani. Sikuwahi kumwona baba yangu akijificha uso, na afadhali nisingemwona.

"Likivunjwa inakuwaje?"

"Sijui. Hatujawahi kusikia aliyelivunja."

Nyimbo zikaanza tena. Sasa kuna sauti moja imezidi, ya kizee, inachelewa kidogo nyuma ya wenzake. Baba aliisikia. Aliijua. Akaniamuru kitu kimoja tu, ninyamaze, akaondoka.

Nikatia kufuli mfukoni, nikarudisha boya, nikakaza bolti, nikachomeka waya. Ghizlane akaniita dirishani, mwenyewe kabisa, anacheka, mikono yake juu.

"Geji imepona?"

"Imepona," nikasema. Nikatazama chini.

Na kweli imepona, mshale unasema sawasawa. Alfajiri dereva ni mimi. Nimetoka bandani sasa hivi kabla hujaja. Nimekipiga kile kiti ngumi, nimekivuta, hakiinuki. Kimebonyea upande mmoja, upande wa pili imeachwa nafasi ya bibi harusi. Ungekuwa mimi, ungemwambia nini dada yako kabla hajakaa?