Kobe na Betri Mbili

Shangazi Mwanaidi, fundi wa redio, ndiye aliyemfundisha Tunu kuunga waya za betri:

"Nyekundu kwenye jumlisha,
nyeusi kwenye kutoa.
Ikipata joto, chomoa!"

Tunu ameunda roboti. Magurudumu yake ni vifuniko vya soda. Mgongoni ana kibao kidogo chenye taa ya kijani. Jina lake Kobe.

Shomari, mdogo wake Tunu, amevunjika mguu. Yuko kitandani na plasta yake.

"Kesho asubuhi Kobe atakuletea andazi," akasema Tunu.

"Asipokuja je?"

"Atakuja!"

Baba alinunua betri mpya mbili. Kobe anataka mbili. Redio ya Baba nayo inataka mbili.

"Wagawane," akawaza Tunu.

Dirishani kulikuwa na betri kuukuu. Baba alizianika juani zipate nguvu.

Mpya moja na kuukuu moja, za redio.
Mpya moja na kuukuu moja, za Kobe.

Tunu akaunga waya polepole.

"Nyekundu kwenye jumlisha,
nyeusi kwenye kutoa."

Vrrr! Kobe akaenda.
Vrr... vr... Akasimama. Taa ikazimika.

"Na andazi langu?" akauliza Shomari.

Tunu akagusa betri kuukuu. Lo! Ina joto!

"Ikipata joto, chomoa!"

Akachomoa. Akamwita Shangazi.

"Waya umeziunga vizuri, mwanangu," akasema Shangazi. "Lakini betri mpya na kuukuu hazikai pamoja. Mpya inasukuma, kuukuu inachemka. Mwisho inavuja."

"Hata ikianikwa juani?"

"Hata ikianikwa." Shangazi akamtazama Baba. Baba akajikuna kichwa.

Kisha Baba akafungua redio. Akatoa ile betri mpya. "Mpe Kobe."

"Na taarifa ya habari, Baba?" akauliza Tunu.

"Leo nitasoma mimi. Ehem! Kuku wa jirani ametaga. Shomari hajanawa mikono."

Shomari akacheka mpaka plasta ikatikisika.

Tunu akaziweka betri mpya zote mbili juu ya kabati, zingoje asubuhi. Kobe akalala. Betri zikalala. Watoto nao wakalala.

Asubuhi Tunu akazirudisha betri kwa Kobe.

"Nyekundu kwenye jumlisha,
nyeusi kwenye kutoa."

Akagusa. Hakuna joto.

Akaweka andazi mgongoni kwa Kobe.

Vrrr! Akapita mlangoni.
Vrrr! Akapita chini ya kiti.
Vrrr! Akafika kitandani.

"Amekuja!" akapiga kelele Shomari.

Tunu akachomoa betri. Akaketi kando ya mdogo wake. Akakata andazi katikati.

Andazi, hilo wakagawana.