Uso wa Tatu Ukutani

Domitille Mbelu alikwangua chokaa kwa ncha ya kisu, polepole, akaiacha idondoke kwenye karatasi aliyoikunja. Alikuwa amesimama juu ya kreti ya bia, na Barnabé mchoraji alikuwa ameishikilia isiyumbe. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, na baridi ya mtaa wa Musonoi ilikuwa bado imelala ndani ya matofali.

“Mama OPJ, kwangua kidogo kidogo,” Barnabé alisema. “Utanitobolea mutu.”

“Alishatobolewa, Tata Barnabé. Shika kreti.”

Ulikuwa ukuta wa kantini ya zamani. Kabla ya Pasaka Barnabé alichora hapo nyuso tano za wachimbaji, jina la kila mmoja chini ya uso wake. Kando yao alimchora bosi wa kizungu ameinua fimbo, na juu yao akaandika kwa herufi nyekundu: MUTU MWEUSI SI PUNDA. Kila mtu Kolwezi aliijua habari. Bosi huyo aliamuru wachimbaji wafungwe kamba na kuchapwa mbele ya wenzao. Watano walikimbia, wakajificha katika shimo la zamani, na udongo ukawafunika. Miili haikutoka. Domitille, OPJ, yaani afisa wa upelelezi wa polisi, alisimama pale mpaka siku waokoaji walipoacha kuchimbua. Tangu hapo mambo yalimgusa kama kitu kinavyogusa mkono uliovaa glavu nene.

Kwa majuma mengi mtaa ulikuwa umebishana. Bourgmestre, yaani meya wa eneo hilo, alitaka mchoro uondolewe, maana unawatukana wageni wanaoleta kazi. Familia za wafu zilisema ule ndio kaburi lao, hawana lingine. Mkutano wa kuamua ulikuwa leo saa tisa, katika ukumbi wa parokia. Na alfajiri hii Mama Josée Kabeya, aliyekuja kupangusa vumbi kwenye uso wa mwanawe Edouard, aliukuta umefunikwa kwa chokaa nyeupe.

Gunia tupu lenye alama ya kiwanda cha kampuni ya madini lilikutwa chini ya ukuta. Jirani mmoja alikumbuka jeep ya Dimitri Ntambwe, msemaji wa kampuni, ikiwa na madoa meupe. Polisi walimchukua Dimitri kabla watu hawajamfikia. Bourgmestre naye akaleta katapila, ikaegeshwa nyuma ya kantini. Alisema wazi kwamba fujo ikianza kwa ajili ya ukuta, ukuta utaanguka.

Domitille alishuka, akarudi nyuma hatua chache, akatazama kwa muda mrefu.

“Unaona nini?” Barnabé aliuliza.

“Uso mmoja tu. Wa tatu. Muzungu na fimbo yake hawakuguswa. Maneno hayakuguswa. Hata jina la Edouard liko pale.”

“Chokaa iliisha, pengine.”

“Haikuisha. Alipaka mara mbili.” Alisogeza kidole juu ya michirizi bila kuigusa. “Na hakuwa na brashi. Ni vidole hivi. Mkono mtupu.”

Kisha akainama. Chini kabisa ya uso ule, katika vumbi gumu, palikuwa na tundu dogo la duara, limezama sana, na tone la oili pembeni yake. Aliweka kidole ndani. Akakitoa, akakifuta.

*

Aliita teksi-moto, pikipiki ya kukodi, impeleke kituo cha polisi. Kijana aliyekuja alikuwa amevuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na masque, barakoa ya vumbi, mpaka chini ya macho, kama watu wote majira hayo. Katikati yalibaki macho, na nyusi ya kushoto iliyokatwa na kovu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa. Moto ilimzimikia mara mbili, na wachimbaji waliokuwa wakinywa chai kando ya barabara wakaangua kicheko.

“Lazaro! Mufundishe Mama kusali kwanza, njo umubebe!”

“Mama, usiogope! Mukianguka, ule hafe mara ya pili!”

Kijana alikanyaga tena mpaka injini ikawaka. Njiani Domitille alimuuliza kwa nini wanamwita Lazaro.

“Ni majina ya bule, Mama.”

“Na mukono?”

“Eksosi iliniunguza.”

“Ni mupya mu kazi hii?”

“Kisha Pasaka kupita njo nilianza. Zamani nilikuwa mu shimo.”

“Uliacha juu ya nini?”

“Mutu anachokaka, Mama.”

Wakafika kituoni. Alilipa, akamshukuru, akapita katikati ya kundi lililosimama mbele ya kituo.

“Mutoeni ule kibaraka!” kijana mmoja alipiga kelele.

“Mutoe ukuta kwanza!” mama muuza mikate akamjibu. “Mutoto yangu aliambiwa kazi inakuja, sasa bazungu banaona ile picha banarudi.”

“Bazungu barudi! Ni nani alibaita?”

“Ni tumbo yako iliwaita, weye, kila asubui unakuja kukopa mukate kwangu!”

Watu walicheka, hata yule kijana. Kisha wakaanza tena.

*

Dimitri Ntambwe alikaa kwenye benchi, tai mfukoni.

“Nionyeshe mikono,” Domitille alisema.

Akaionyesha. Ilikuwa laini, safi, na doa la wino kwenye kidole kimoja.

“Gunia ni ya kiwanda yenu.”

“Gunia ya chokaa ya usine iko mu kila nyumba ya Musonoi, Mama. Inaanguka ku malori, batu banaokota, banapaka choo. Choo ya mama yangu iko nyeupe kuliko kanisa.”

“Jeep yako?”

“Inalala mu usine. Itakosa vipi chokaa?”

“Ulisema ku radio mchoro utoke.”

“Nilisema. Na ningali nasema.” Aliinua uso. “Batoto banapita pale kila siku. Banaona nini? Muzungu anachapa, mutu mweusi anakufa. Njo mafundisho ile? Lakini niambie, Mama. Kama ni mi nilienda na chokaa, ningepaka muzungu na fimbo yake, maana ni ile njo inaumiza kampuni. Edouard nilisoma naye darasa moja. Alinikosea nini?”

Domitille alikubali kimoyomoyo kwamba hoja ilikuwa na miguu. “Ungepaka na nini?”

“Na brashi, na glovu. Siku ya kwanza mu usine banakufundisha ile. Chokaa na maji inakula mukono. Mutu mwenye kuipaka na vidole, leo anaugua.”

Simu ya Domitille ikalia. Alikuwa bourgmestre.

“Mama Mbelu, umepata mtu?”

“Bado, Tata Bourgmestre. Na wewe, jana usiku mlinzi wako alikuwa wapi? Kuna watu wanasema wewe ndiye unayefaidika.”

Upande wa pili ukacheka bila furaha. “Mimi ninayo katapila, Mama. Nitapanda kupaka sura moja na vidole vyangu? Saa tisa nataka jina. Bila jina, mashine inaingia.”

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alikata simu. Barnabé, aliyekuwa amekuja kutoa maelezo, alikuwa akipekua simu yake.

“Tata Barnabé, uko na picha ya ukuta, kabla?”

“Niko nayo. Ni kazi yangu.”

Domitille aliitanua kwa vidole viwili, mpaka uso wa tatu ukajaa kioo. Kijana anatabasamu, kola nyeupe ya sherehe. Nyusi ya kushoto imekatwa na kovu.

Aliitazama sana. Alingoja kitu kimshtue, hakikuja. Alihisi tu kwamba sasa amejua, kama mtu anavyojua kwamba maji yamechemka.

“Hii kovu uliitoa wapi?”

“Ku foto. Mama Josée alinipa foto, nikachora vile iko. Bale bengine nilichora na kadi ya uchaguzi.”

“Kuja na mi. Na uniitie ule mutu wa moto. Lazaro.”

*

Uani kwa Mama Josée kulikuwa na majirani wawili. Domitille aliwaomba kwa upole watoke. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa maharage magotini, hachambui. Barnabé aliegemea mlango. Kijana wa moto alibaki juu ya chombo chake, mguu mmoja chini.

“Kuja karibu,” Domitille alimwambia. “Weye na Mama munajuana, eh?”

“Ni mutoto ya mudogo yangu,” Mama Josée alisema. “Merdi. Amekosa nini?”

“Merdi, toa masque.”

Kijana alimtazama mama yake mkubwa. Kisha akaivuta masque chini na kofia juu.

“Yesu!” Barnabé akasema, akatafuta kitu cha kukalia. “Nilichora mutu muzima!”

“Foto ile ni ya nani, Mama Josée?” Domitille aliuliza.

“Ya mutoto yangu.”

“Yupi?”

Mama aliweka ungo chini. “Foto ya Edouard yote ilikuwa mu simu yake, na simu iko chini pamoja naye. Kadi yake pia, mu mufuko. Tata Barnabé alikuja, akasema, Mama, leta foto. Nilikuwa na ile ya Merdi, ya ndoa ya dada yake. Mi na mama yake tumbo moja. Aba bawili balinyonya kwangu, bakalala kitanda kimoja. Kila mutu anasema banafanana. Nikasema, mutoto ni mutoto.”

“Hukukumbuka kama huyu ni muzima?”

“Ile juma, Mama, sikukuwa najua hata mi kama niko muzima.”

Domitille akamgeukia kijana. Hakupandisha sauti.

“Chini ya ule uso kuko tundu ya standi ya moto. Iliingia sana, maana kuko mutu alisimama juu ya siti. Chokaa ilipakwa na mukono mutupu. Na eksosi, Merdi, inaunguza mutu muguu. Haiunguze kiganja.”

“Ni mi,” Merdi alisema.

“Juu ya nini?” Ilikuwa sauti ya Mama Josée.

Alijibu akitazama gurudumu. “Siku ya kwanza kisha ukuta kuchorwa, ekipe yangu, bale tulichimbaka nabo, ilikataa kushuka na mi. Patron wa shimo akasema, kamba yangu haishushe mutu mwenye sura yake inakaa na bafu, bale balikufa. Nilifikiri ni muchezo. Nikaenda Kasulo kuomba kazi, habari ilikuwa ilifika mbele yangu. Pote bananiangalia, banaangalia shimo, banatikisa kichwa. Nikakopa hii moto. Sijue hata kuiendesha. Bananiita Lazaro, banacheka, lakini akuna mwenye kukaa pembeni yangu ku kilio. Baba ya muchumba yangu akasema tungoje kwanza. Tungoje nini? Nikufe kabisa?”

“Hukuniambia,” mama alisema.

“Ningekuambia nini, Mama Mukubwa? Nilikuonaka pale, unapangusa ile uso, unasema naye. Unasema naye kuliko vile unasemaka na mi.” Akatazama kitambaa cha mkononi. “Nilipaka uso tu. Jina niliacha. Jina ni yake.”

Mama Josée aliinuka. Domitille alijiweka tayari kumzuia. Lakini mama aliushika mkono wa kijana, akafungua kitambaa, akaona ngozi iliyochubuka, nyekundu, yenye malengelenge.

“Mupumbafu,” alisema. “Chokaa haipakwe na mukono.” Akaingia ndani kutafuta mafuta.

Domitille alimuuliza mama kama anataka kushtaki. Kutoka ndani ikaja sauti: “Nishitaki nani? Mutoto yangu mwenye alibakia?”

*

Saa tisa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Dimitri alikuwa ameachiliwa, akaketi mbele, tai shingoni. Domitille alieleza mambo kwa mpangilio: gunia, brashi, standi, kiganja. Kisha Merdi akasimama bila masque. Mchimbaji mmoja nyuma akafanya ishara ya msalaba.

“Niko muzima,” Merdi alisema. “Muniguse kama munataka.”

Mtu mmoja akacheka, kwa aibu, na mwingine. Bourgmestre hakucheka.

“Basi mchoro ni wa uongo,” alisema. “Tumebishana miezi kwa ajili ya sura ya mtu anayeendesha moto. Tuutoe.”

“Mi pia nasema utoke,” Dimitri alisema, “lakini hapana kwa sababu ile. Edouard alikufa. Ile haiko uongo.”

“Unafikiri utapakwa asali kwa kusema vile?” mtu akamrushia.

“Nyamaza, tumusikie Mama!” mwingine akamkemea.

Mama Josée hakusimama. “Mubomoe,” alisema. “Lakini mbele ya kubomoa, munionyeshe fasi, pahali pengine pa kwenda kulia. Munionyeshe tu na kidole.”

Bourgmestre alitazama mezani, akatazama madirisha. Hakuna aliyenyoosha kidole. Mwishowe akasema uamuzi utatolewa kesho, saa tatu asubuhi, mbele ya ukuta wenyewe. Watu watapiga kura kwa mikono. Lakini hataitisha kura juu ya sura ya mtu aliye hai. Ama uso wa tatu uwe wa Edouard, ama katapila ifanye kazi yake.

“Foto haiko, Tata Bourgmestre,” Barnabé alisema.

“Hilo ni la kwenu.”

*

Jua lilikuwa limebakiza nuru ya njano juu ya vilima vya udongo walipoibandua chokaa yote. Barnabé alipaka rangi ya chini, akangoja ikauke, akachukua brashi nyembamba. Mama Josée aliketi kwenye kreti. Merdi alisimama kando ya ukuta, uso wazi, mkono umefungwa upya, na Domitille akakaa kwenye siti ya moto kwa kuwa hapakuwa na pengine.

“Anza na huyu,” Mama alisema, akimwonyesha Merdi. “Masikio ni haya haya. Paji la uso pia.”

Barnabé alichora.

“Pua ilikuwa nene kidogo. Zaidi. Basi, pale. Toa kovu.”

“Nimeitoa.”

“Macho yake yalikuwa ndani. Huyu yake iko inje kama ya chura.”

“Asante, Mama Mukubwa,” Merdi alisema, na wachimbaji waliosimama mbali wakacheka. Mmoja wao akasogea karibu kuona. Akasimama upande wa Merdi, hakumtazama, wala hakuondoka.

Kidogo kidogo ukutani akaanza kuja mtu mwingine. Domitille alimtazama akija. Hakulia, alitambua tu kwamba amekuwa akishikilia pumzi.

“Kinywa?” Barnabé aliuliza.

Mama Josée alifumba macho. Midomo yake mwenyewe ilijaribu kitu, ikaacha, ikajaribu tena.

“Sikione,” alisema. “Nakisikia kikisema. Lakini sikione.”

Barnabé alingoja mpaka nuru ikaisha. Kisha akaosha brashi, akafunika makopo kwa plastiki, akayaweka chini ya ukuta, chini ya uso usio na kinywa. Nyuma ya kantini mlinzi wa katapila alikuwa akiwasha moto wa kuotea.

“Nikuje saa ngapi kesho?” Merdi aliuliza.

“Mapema,” Mama Josée alisema. “Mbele ya ile mashine kuamka.”