Tandiko la Clete

Rafiki yangu Orrin, mchunga ng'ombe wa Wyoming, si mtu wa porojo. Siku ya kumzika Clete, mchunga mwenzake aliyekanyagwa na ng'ombe waliokurupuka, mjane alimwambia, "Shemeji, kaniletee tandiko lake. Mwanangu Junie hataki kwenda makaburini kwa gari, anataka kumpanda farasi wa baba'ke."

Asubuhi ile Orrin mwenyewe alikuwa amefupisha mikanda ya vikuku vya tandiko hilo, miguu ya mtoto ipate pa kukanyaga.

Bandani mlikuwa na giza zito. Ngozi ya tandiko ililia kwiii, kama inavyolia mtu anapopanda.

"Tulia, mzee," Orrin akamwambia farasi. Kisha akakumbuka farasi yuko nje, kafungwa.

Akalipapasa tandiko. Mikanda ilikuwa imerudishwa kwenye matundu ya zamani, ya miguu mirefu ya Clete. Na pale pa kukalia palikuwa na joto.