Sauti Nyuma ya Droo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari, na Wendell Kangas alikuwa amepiga magoti sebuleni mwake akiitukana sakafu.

Haikuwa mara ya kwanza. Sakafu ile aliitengeneza mwezi Juni, akaitengeneza tena Agosti, akaapa kwamba haitamsumbua tena maishani. Sasa ni Oktoba, upepo wa Ziwa Superior umeanza kuuma masikio, na mahali pale pale, chini ya dirisha, ubao umeoza tena. Ukiukanyaga unabonyea. Ukiuchokoza kwa bisibisi, bisibisi inazama mpaka kwenye mpini.

"Ubao huu umeamua kunifanya mjinga," alisema.

"Ubao haujakufanya kitu, Kangas," mkewe Marlys alijibu huku akikunja mashuka machafu. "Umekukuta hivyo hivyo."

Aliposikia Kangas, Wendell alijua siku imeharibika. Wakiwa na raha, Marlys humwita Wendell. Wakikorofishana humwita Kangas, kwa jina la ukoo, kama polisi anavyomwita mtu kituoni. Jina la tatu hakuna. Tangu waoane, mama huyu hajawahi kumwita mpenzi wala mume wangu, na Wendell hajawahi kulalamika.

Hawakuwa na nyumba nyingine. Ile ya matofali waliiuza walipostaafu, wakanunua trela hili kubwa la kusafiria, lenye jiko, kitanda na choo, wakawa wanalivuta kwa pikapu: kiangazi Michigan, kipupwe Texas. Kesho asubuhi mwenye kambi walikoegesha angefunga maji kabla barafu haijapasua mabomba. Wenzao wote walikwisha ondoka. Wamebaki wao wawili, na sakafu.

Na tatizo lilikuwa kwamba sakafu yenyewe ni ya droo. Upande mmoja wa sebule, pamoja na kochi na dirisha lake, unatoka nje ya trela kama droo inavyotoka kwenye kabati. Ukifika kambini unabonyeza swichi, mota inanguruma, sebule inapanuka. Ukitaka kuondoka unaurudisha ndani. Droo ikiwa nje, trela haliendi popote. Na ukiirudisha huku sakafu imeoza, inaweza kukunjika katikati na kukuachia ukuta mikononi.

"Mwite fundi," alisema Marlys.

"Fundi wa wapi? Wote wameshaenda kuwinda paa."

"Basi mwite hata aliyeachwa na paa. Mimi kesho silali hapa bila maji. Nakwenda kwa dada yangu Duluth, uje au usije."

Alibeba kapu lake la nguo, akaenda kwenye chumba cha kufulia, upande wa pili wa kambi. Mlango aliubamiza. Wendell akabaki na msumeno wake, na hasira yake, na ile harufu.

Harufu ndiyo iliyokuwa ikimkera kuliko yote. Mbao mbovu zinanuka ukungu, hilo analijua. Lakini hii ilikuwa harufu ya nywele zilizonyeshewa. Nywele za mtu.

Na maji ya kuozesha ubao yanatoka wapi? Mpira unaoziba pembezoni mwa droo ulikuwa mzima; aliubadilisha mwenyewe. Aliwahi kupanda juu ya paa la trela na bomba la bustani, akamwaga maji mpaka Marlys akauliza kama anaogesha tembo. Ndani halikuingia hata tone. Lakini pale chini ya dirisha, unyevu ulirudi. Haukutoka ukutani. Haukutoka chini. Ubao ulikuwa umeoza kuanzia juu, sehemu mbili nyembamba, sambamba, zikilitazama dirisha.

Wendell alizitazama kwa muda. Kisha akazikata zote mbili kwa msumeno, akatupa vipande nje. Hakutaka kufikiria kwamba ukubwa wake ulikuwa wa nyayo za mtu.

Alipaka gundi, akapima plaiwudi mpya, akaisukuma mahali pake. Haikuingia. Akaisugua, akaisukuma tena. Haikuingia! Ili ukingo wake upite chini ya ukuta, ilibidi droo irudi ndani nusu. Na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu kurudisha droo ni kazi ya watu wawili.

Swichi iko karibu na mlango. Ukisimama hapo huoni nje upande wa droo hata kidogo. Kwa hiyo mmoja hubonyeza, mwenzake husimama nje kuangalia: mpira usijikunje, kiti kisibanwe, mtu asipite. Zamani wa nje alikuwa akisema "sawa" tu. Mpaka siku Marlys alipomjibu "sawa" jirani aliyemsalimia, na Wendell akabonyeza, akasaga meza mpya ya kunywea kahawa. Tangu siku hiyo wana neno lao. Ni jina la mbwa wao wa kwanza, marehemu Biskuti. Mpira ukikaa sawa, mikono ikiwa mbali, wa nje husema "Biskuti", ndipo droo hurudishwa hatua ya mwisho. Bila neno, hakuna kuimalizia. Kila mwenye trela ana namna yake, na hii ilikuwa yao.

Nje giza lilikuwa linaanza kushuka. Marlys hajarudi. Wendell alitoa kichwa mlangoni.

"Marlys!"

Kimya. Halafu, kutoka upande wa droo...

"Nipo."

"Umerudi saa ngapi wewe? Haya, nataka niirudishe nusu. Angalia mpira."

"Lete," sauti ilisema, polepole. "Lete taratibu."

Alibonyeza. Mota ikanguruma, ukuta ukaanza kumjia na kochi lake. Alijisikia afadhali kidogo. Amekasirika, aliwaza, lakini amekuja kusaidia. Ndiye Marlys huyo.

Aliachia swichi ili aitazame plaiwudi. Ilikuwa bado kidogo. Akabonyeza tena.

"Lete," sauti ilisema. "Nafasi tele."

Mota ilibadilisha mlio. Ikawa inakoroma, kama inayovuta kitu kizito. Akaachia.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Lete."

"Sema neno basi."

Kimya.

"Marlys, neno!"

"Lete."

Damu ilimpanda kichwani. Siku nzima magotini, mikono imejaa gundi, na huyu naye amechagua saa hii ya kununa! Hataki kulisema kwa kunikomoa tu. Haya, tukomoane. Kidole chake kilirudi kwenye swichi. Akabonyeza, kidogo tu. Droo ikasogea upana wa kidole.

Harufu ya nywele ikajaa sebule nzima.

"Lete," ilisema ile sauti. Haikuwa mbali tena. Ilikuwa imegusana na ukuta. "Lete... mume wangu."

Kidole cha Wendell kikaganda.

Mume wangu?

Aliiachia swichi kama imemchoma. Akaruka ngazi, akazunguka pembe ya trela akikimbia, na magoti yake ya kizee hayakumkumbusha kwamba yanauma.

Marlys alikuwa pale. Kapu limeanguka, mashuka masafi yametapakaa kwenye matope. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama hadi begani katika ufa kati ya droo na trela. Mdomo ulikuwa wazi. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na kutoka kooni mwake ulitoka mkwaruzo tu, wa mtu aliyepiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Hapakuwa na mtu mwingine.

Alirudi ndani mbio, akabonyeza swichi upande wa kutoa. Droo ikarudi nje. Alipomfikia tena mkewe alikuwa ameketi kwenye nyasi, ameukumbatia mkono. Umevimba, umeanza kuwa wa zambarau, lakini vidole vilikuwa vinacheza.

"Nilikwambia simama!" alikwaruza. "Nimekuta mpira umejikunja. Nikasema simama, ukasimama. Nikaingiza mkono niuvute. Ukabonyeza! Nimelia, nimekuita, nimepiga ukuta kwa ngumi. Unataka kuniua kwa sababu ya ubao?"

"Wewe ndiye uliyesema lete!"

"Mimi? Niseme lete na mkono wangu umo ndani? Nilisema Biskuti mimi? Umenisikia nikisema Biskuti?"

"Hukusema Biskuti! Ndiyo maana nikakuuliza! Ungesema Biskuti ningebonyeza mpaka mwisho!"

Maneno hayo yalikuwa yametoka kwa kelele, pale pale kando ya ukuta, na msitu ulikuwa kimya kana kwamba nao unasikiliza. Wendell alimvua mkewe shuka lenye matope lililokuwa limemzonga mabegani, akamwinua.

"Nisamehe, Marlys," alisema. "Sikukusikia wewe. Nilimsikia mwingine."

Alitaka mkewe amcheke. Kama angemcheka, Wendell angepona. Lakini Marlys alitazama ule ufa, akasema kwa sauti ndogo, "Wakati mkono umebanwa... kuna kitu huko ndani kilikuwa kimeushika. Kama unavyomshika mtu mkono msibani."

Alipokwisha kumfunga mkono kwa barafu, Wendell alimpigia simu mzee Orrin Stadler, kule Wisconsin, aliyewauzia trela. Sasa alikumbuka kitu alichokipuuza siku ya kulichukua. Mzee yule alikataa kugusa swichi. Alimwambia Wendell abonyeze mwenyewe, na Marlys asimame dirishani, ndani, amtazame. Yeye akasimama nje mbele ya dirisha, mikono yote miwili juu, akatoa ishara kwa vidole mwanzo mpaka mwisho. Hakufungua mdomo. Njiani Wendell na Marlys walimcheka.

"Sakafu imeoza chini ya dirisha," Wendell alisema.

Alisikia mzee akivuta pumzi.

"Umeifumua?" mzee aliuliza.

"Mara tatu."

"Mimi niliifunika tu. Mke wangu Irene alikuwa akisimama pale kila jioni akingoja mvua ikatike. Siku ile mvua haikukatika. Akatoka kuniangalizia droo." Alikohoa. "Niliambiwa lete, nikaleta. Nafasi tele, niliambiwa. Polisi walisema ni bahati mbaya. Daktari alisema Irene asingeweza kusema neno, kwa jinsi alivyokuwa amebanwa tangu mwanzo."

"Sasa nani alisema?"

"Wewe umesikia sauti ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Hata mimi," mzee alisema, akakata simu.

Usiku ule walijifungia ndani ya pikapu, hita ikiwaka, wakilitazama trela lao kupitia kioo. Lakini asubuhi, jua lilipotoka na barafu nyembamba ikang'aa kwenye nyasi, Wendell alikasirika upya. Ni nyumba yake. Kila alichonacho kimo mle: picha za watoto, koti la marehemu baba yake, sufuria za Marlys. Ati aiache kwa ajili ya sauti?

"Tunairudisha," alisema. "Wote wawili ndani. Nje asisimame mtu. Mpira ukichanika, uchanike."

Waliingia. Wendell alipunguza ukingo wa plaiwudi mpya kwa msumeno, sasa ikakaa vizuri. Aliipiga skrubu zote, ikawa ngumu, kavu, nzuri kuliko sakafu yote. Hakuna harufu. Marlys alisimama ubavuni mwake, mkono wake usioumia ameutia kwenye kwapa la mumewe. Wendell alinyanyua kidole.

"Ukisikia lete, usijali," alimnong'oneza. "Iache iseme lete mpaka ichoke. Neno haina."

Wakangoja. Kunguru mmoja alilia mbali, akanyamaza. Wendell akaigusa swichi.

Nje, upande wa droo, mtu alikohoa kidogo, kama anayesafisha koo.

"Bis..."

Marlys alimkaza mkono.

"Biskuti," ilisema sauti ya Marlys.

Haikuwa na haraka. Ilikuwa inalionja lile neno, na ililipenda.

Wendell hakubonyeza. Aliitoa fyuzi ya mota, akaitia mfukoni, akachukua picha za watoto na koti la baba yake, basi. Sufuria walizisahau. Walipotoka alijikaza asitazame upande wa droo, lakini aliona dirishani, kwa ndani, juu ya pale alipopiga skrubu muda mfupi uliopita, kioo kimeanza kufanya ukungu, kama kinachopumuliwa.

Sasa wanakaa Duluth, katika chumba cha nyuma kwa dada yake Marlys, chenye sakafu ya saruji. Mwenye kambi alipiga simu wakati wa masika kuuliza lini watakuja kuliondoa trela. Wendell alimwambia alichome moto, jamaa akadhani ni utani. Mkono wa Marlys umepona. Wanataniana kama zamani, na siku hizi ni nadra amwite Kangas.

Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika. Marlys akimwita kutoka nje, bustanini au kwenye banda la gari, Wendell haitiki. Anaacha anachofanya, anainuka na magoti yake mabovu, anatoka, anakwenda kutazama kwa macho yake.

Mara nyingi ni yeye.