Hotensia ya Koko Domitille

Kila asubuhi kabla ya shule, Larissa alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko hesabu: kutoa majivu kwenye mbabula, lile jiko la makaa, na kuyapeleka kwenye shimo lililo chini kabisa ya kiwanja. Cimpunda ni mtaa wa miteremko, na mvua ikinyesha udongo wake huteleza kama sabuni. Basi msichana huyu wa miaka kumi na miwili akajitafutia njia ya mkato. Alimwaga majivu palepale mlangoni, chini ya hotensia ya bibi yake.

Hotensia hiyo haikuwa ua la hivi hivi. Marehemu babu Polycarpe aliipanda mwenyewe, na kila mwaka maua yake ya buluu yalipelekwa kanisani siku ya misa ya kumwombea. Bibi, ambaye wote walimwita Koko Domitille, alikuwa mbali huko Kalehe miezi mitano akimuuguza dada yake. Alimwachia Larissa mmea na simu, ili amtumie picha kila Jumapili.

Maua mapya yalipofunguka, Larissa alishika kichwa. Yalikuwa ya rangi ya waridi!

"Ni ile majivu yako," alisema kaka yake, Bienfait. "Mwalimu alitufundisha, rangi ya hotensia inafuata udongo, na majivu inageuza udongo."

Larissa aliogopa. Alipiga picha, akachezea rangi kwenye simu mpaka maua yakawa ya buluu, akaituma. Ujumbe wa sauti wa bibi ulirudi upesi: "Aksanti sana, mujukuu! Nimelia kwa furaha. Kesho kutwa niko nafika, tutakata maua ya misa."

Siku mbili hizo Larissa aliuzunguka mmea akitafuta la kusema.

"Sema ni simu iliharibu rangi ya foto," Bienfait alimshauri.

Lakini bibi alipoingia uani na mfuko wake, Larissa alimkimbilia kabla hajafika mlangoni.

"Koko, ile foto ilikuwa ya uongo. Ni mimi nilimwaga majivu hapa, sababu ya uvivu. Maua iko roze."

Koko Domitille aliinama, akayagusa maua. "Kumbe nililia sababu ya rangi ya simu," alisema. Larissa alitamani ardhi immeze.

Kisha bibi akavua viatu, akaomba jembe. Waliondoa majivu pamoja, wakaweka udongo mpya.

"Hii roze haina kosa, tutaipeleka kwa misa," alisema. "Udongo utapona, hata kama ni mwaka mzima. Lakini mutu akinidanganya, hata ukweli wake nitauogopa. Leo umesema mwenyewe, mbele ya mimi kuona. Kwa hiyo simu inabaki kwako. Piga foto, utumie dada yangu, naye aliona ile ya uongo, na umwambie sababu."

Larissa alipiga picha bila kugusa rangi, akaandika sababu yote. Kesho yake alibeba majivu hadi shimoni, akateleza mara mbili, na hakunung'unika.