Mkebe wa Juu Kabisa

Enzi hizo, baridi ilipokaza kule milimani Jeongseon, darasa zima lilitegemea jiko moja la makaa. Kila asubuhi wasichana wa kidato cha kwanza walipanga juu yake mikebe yao ya chakula, mmoja juu ya mwingine, na kila mapumziko mwenye zamu aliipangua na kuipanga upya ili yote ipate moto. Harufu ile ya kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa! Okran ana wajukuu sasa, lakini hajaisahau.

Wiki ile zamu ilikuwa yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: mkebe wake ulikaa chini, na wa shoga yake Malsun ukafuatia. Wa Bunhi, msichana mgeni, ulikaa juu kabisa siku nne mfululizo.

"We, mbona wa Bunhi huushushi?" Malsun alimnong'oneza.

"Aa, kwani kalalamika?"

Siku ya tano, Mwalimu Bae wa Kiingereza aliligeukia jiko. "Fungeni vitabu. Ilinganisheni mikebe hii kwa Kiingereza. Na msinidanganye, nitaigusa!"

Okran, bingwa wa somo hilo, aliruka mbele. "Hot, hotter, hottest!" alisema, akigusa mkebe wa tatu, wa pili, kisha wa chini. Wenzake wakapiga makofi, naye akavimba kichwa.

"Safi. Na ulio baridi kuliko yote ni wa nani?"

Bunhi alisimama taratibu. Kwa Kiingereza cha kusitasita alisema kuwa ni wake. Kisha akaongeza kwa lugha yao, "Leo, jana na juzi, Mwalimu."

Okran alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemtaja, lakini machozi yalimlenga.

"Kosa ni langu, Mwalimu. Nimejipendelea," alisema. Akavaa glavu, akaupangua mnara wote, akauweka mkebe wa Bunhi chini.

Mchana Bunhi alipofunua, mvuke ulimpiga usoni. "Lo! Umeniunguzia wali!" alicheka. "Haya, njoo tugawane ukoko."

Mwalimu Bae aliwakuta wakiukwangua pamoja. "Okran," alisema, "Kiingereza chako hakina kasoro. Ila anayewagawia wenzake moto hujipa mwisho. Hilo haliulizwi kwenye mtihani, mwanangu, nalo ni gumu kuliko yote."